Mabuti ya Mlimani: Yakague Kabla ya Kulipa

Kwa mkazi wa Kiboriloni anayepanda Mlima Kilimanjaro akiwa mpagazi au mwongozaji, buti ni kitendea kazi. Mabuti mengi yanayouzwa katika soko letu ni ya mtumba, na baadhi yake ni imara kweli kweli. Hata hivyo, ipo kasoro moja isiyoonekana kwa urahisi, nayo yaweza kumwacha mtu bila kiatu akiwa Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na mzigo mgongoni.

Kasoro hiyo hujificha ndani ya soli. Juu ya mpira unaokanyaga ardhi kuna tabaka laini linalopunguza mshindo wa hatua. Katika mabuti mengi, tabaka hilo hudhoofishwa polepole na unyevunyevu wa hewa, hata kama kiatu kimekaa miaka bila kuvaliwa. Ndiyo maana buti linaloonekana jipya laweza kuachia soli siku ya kwanza ya safari.

Mnunuzi anashauriwa kufanya yafuatayo:

1. Bonyeza tabaka hilo kwa kidole gumba. Likimeguka, likitoa unga au likiwa na nyufa, usilinunue.

2. Likunje buti sehemu ya vidole. Soli isiachane na ngozi. Gundi mpya pembeni ni ishara kwamba liliwahi kuachia, na gundi haiponyi tabaka lililooza.

3. Lijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi nene. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele. Nyuma ya kisigino ibaki nafasi ya kidole kimoja. Nafasi hiyo ikikosekana, vidole hugonga mbele wakati wa kushuka na kucha huumia.

4. Funga kamba, kisha tembea mteremkoni. Buti lishike kifundo cha mguu, na kisigino kisipande na kushuka ndani yake, kwa kuwa msuguano huo ndio huleta malengelenge.

Ukishanunua, livae katika shughuli za kila siku kwa wiki mbili hivi. Likilowa, likaushe kivulini, mbali na moto, kwani joto kali hulegeza gundi na kukakamaza ngozi. Mwenye safari kesho asivae buti geni kwa mara ya kwanza getini.