Maua ya Kitulo: Matembezi ya Familia na Afya Yetu

Mvua zinapoanza mwezi Novemba katika nyanda zetu za juu kusini, kila mtu hufikiria jembe na mbegu. Ni vema. Lakini majira hayo hayo huleta zawadi nyingine isiyohitaji kulimwa. Kati ya mwezi Desemba na Aprili uwanda wa Kitulo, ulio kati ya Mbeya na Makete, hufunikwa na maua ya mwituni ya kila rangi. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Mwezi huu tujifunze jinsi familia inavyoweza kwenda kuyaona maua hayo na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, wote wakiwa wazima.

Mahali penyewe

Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, hasa kwa ajili ya mimea yake. Ina aina zipatazo 350 za mimea, na kati yake aina 45 ni okidi zinazoota ardhini. Msimu huo mbayuwayu wa buluu, ndege adimu, naye huja kuzaliana huko. Kutoka Mbeya watu hufuata barabara kuu hadi Chimala, kama kilomita 78, kisha hupanda mlima kwenda Matamba kwa barabara yenye kona nyingi iitwayo Hamsini na Saba. Kabla ya safari, ulizeni ofisi ya hifadhi kuhusu ada ya kiingilio na hali ya barabara.

Faida kwa mwili na moyo

Mtu mzima anahitaji mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka kidogo, angalau dakika 150 kwa juma. Kutembea hupunguza shinikizo la damu, husaidia mwili kutumia sukari vizuri na huleta usingizi mzuri. Mahali penye majani mabichi na ukimya hutuliza moyo wenye wasiwasi. Watoto nao hujifunza majina ya maua na ndege, na baba na mama wanapata nafasi ya kuzungumza nao bila haraka. Hata hivyo, safari moja kwa mwaka haitoshi. Iwe mwanzo wa desturi ya kutembea.

Nani aonane na mganga kwanza?

Kitulo iko kwenye kimo cha mita 2,600 hivi. Hewa ya huko ni nyepesi: imepungua karibu robo ukilinganisha na ya pwani. Aliyezoea Mbeya atahema kidogo tu, lakini anayetoka Kyela, au mgeni kutoka Dar es Salaam, ataona tofauti kubwa. Wafuatao wapate ushauri kabla ya kuondoka:

1. Wenye selimundu. Kimo, baridi na upungufu wa maji mwilini vyaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa na kifua. Usimchukue mtoto mwenye selimundu kabla mganga wake hajakubali.

2. Wenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo. Wapo wanaoacha vidonge siku ya safari kwa sababu vinawafanya waende haja ndogo mara kwa mara. Hiyo ni hatari. Ulizeni kliniki saa nzuri ya kumeza, lakini msiache.

3. Wenye kisukari. Wale kwa saa zao za kawaida, wabebe sukari au soda, na wavae viatu visivyochubua miguu.

4. Wenye pumu. Baridi na vumbi la maua huweza kubana kifua. Dawa ya kuvuta ikae mfukoni, isiachwe kwenye gari.

5. Wajawazito, hasa walio karibu kujifungua. Barabara ni mbaya na hospitali iko mbali.

Watu wenye ualbino wanaweza kwenda, ila jua la milimani huunguza hata kukiwa na mawingu. Wavae kofia pana, mikono mirefu na miwani ya jua, na wapake mafuta ya kujikinga na jua.

Matayarisho

Ondokeni alfajiri ili mteremke kabla ya giza. Msijazane kwenye gari. Dereva awe mzoefu wa milima na breki zikaguliwe mapema. Anayetapika garini akae mbele, atazame mbali, na asile chakula chenye mafuta mengi asubuhi.

Kila mtu awe na sweta, koti la mvua na soksi za akiba. Mtoto aliyelowa na kuanza kutetemeka abadilishwe nguo mara moja, afunikwe na kupewa chai ya moto yenye sukari. Asipewe pombe: humfanya ajisikie moto huku mwili ukizidi kupoa.

Bebeni maji yaliyochemshwa. Kwa chakula, chukueni chapati, viazi, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, ndizi na karanga. Nyama na wali uliokaa saa nyingi kwenye chombo kilichofunikwa huharisha watu.

Hatari za njiani

Radi. Mchana ngurumo zikisikika, rudini garini na kufunga madirisha. Msijikinge chini ya mti ulio peke yake.

Nyoka. Vaeni viatu vilivyofunika mguu. Mtu akiumwa, mtulizeni, mvueni pete na viatu, fungeni ubao ili kiungo kisitikisike, kisha mchukueni hospitalini akiwa amebebwa. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba. Jiwe la nyoka ambalo wengi wanalitunza nyumbani haliondoi sumu. Likitumika, muda wa kupata dawa halisi unapotea, na muda huo ndio uhai.

Maua yenye sumu. Wafundisheni watoto: tunatazama kwa macho, hatuweki mdomoni. Mnanaha huota hata nyuma ya nyumba zetu, na maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta hupandwa bustanini. Aliyekula mimea hiyo hukauka mdomo, mboni za macho hupanuka, ngozi huwa ya moto na huanza kuweweseka. Msimtapishe. Mpelekeni hospitalini pamoja na kipande cha mmea.

Tusichume, tusichimbe

Okidi nyingi za nyanda hizi zina viazi chini ya ardhi. Viazi hivyo vimechimbwa kwa wingi na kuuzwa Zambia, ambako hutengenezewa chakula kiitwacho chikanda. Akiba ya mmea imo katika kiazi hicho. Ukikichimba, umeua mmea wenyewe. Ndani ya hifadhi hata kuchuma ua ni marufuku. Ua lililoachwa litatoa mbegu, na wajukuu wetu watalikuta.

Wasioweza kusafiri

Nauli na ada si nyepesi kwa kila familia, na wagonjwa wengine hawafai kupanda kimo kile. Wasikose furaha. Mwezi Oktoba tazameni mijakaranda inavyochanua zambarau mjini. Mwezi Desemba tazameni mikrismasi yenye maua mekundu. Babu mwenye shinikizo la damu akitembea na mjukuu wake nusu saa, siku tano kwa juma, kuhesabu maua ya njiani, ametimiza zile dakika 150. Hiyo ni dawa isiyouzwa dukani, ila isimfanye aache vidonge vyake.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika familia yetu ni nani anayehitaji ushauri wa mganga kabla ya kupanda Kitulo?

2. Mtu akiumwa na nyoka, ni mambo gani tusifanye?

3. Ni mimea gani yenye sumu iliyo karibu na nyumba yetu, na je, watoto wanaijua?

4. Juma hili tutatembea lini, na wapi?