Moshi Mweusi ni Dizeli Uliyolipia

Huenda kikundi chenu kina pikapu ya zamani inayotumia dizeli. Magari hayo bado ni mengi vijijini: Toyota Hilux, Isuzu, Land Rover. Yana nguvu, na fundi wa kawaida anaweza kuyatengeneza. Lakini yakizeeka huanza kula mafuta kuliko zamani.

Hapo maneno huanza. Tangi moja lilikuwa linatosha safari sita za sokoni. Sasa linatosha safari nne. Mwanachama mmoja ananong'ona kwamba dereva anauza dizeli njiani. Mwingine anasema gari limechoka, liuzwe. Dereva anaapa kwamba hajachukua hata lita moja. Nani anasema kweli? Kuapa na kubishana hakutaleta jibu. Jibu litaletwa na daftari, kalamu na hesabu ya kugawanya. Vyote hivyo unavyo sasa.

Kupima

Peleka gari kituo cha mafuta. Lisimame mahali pa tambarare. Jaza tangi mpaka juu. Dizeli hutoa povu inapomiminwa. Ngoja povu litulie, kisha ongeza. Soma namba ya kilomita mbele ya dereva, uiandike.

Fanyeni kazi zenu kama kawaida. Mafuta yakipungua sana, rudi kituo kile kile, ujaze mpaka alama ile ile. Usingoje yaishe kabisa. Dizeli ikiisha, hewa huingia kwenye mabomba, na gari haliwaki mpaka hewa hiyo itolewe. Sasa andika lita zilizoingia na namba mpya ya kilomita.

Tuseme namba ya kwanza ilikuwa 48,210 na ya pili ni 48,570.

48,570 − 48,210 = 360

Gari limekwenda kilomita 360. Lita zilizoingia ni 45.

360 ÷ 45 = 8

Lita moja imetembeza gari kilomita 8.

Pima mara tatu kabla ya kuamini. Mzigo mkubwa, matope na milima hula mafuta. Kwa hiyo usilinganishe pikapu yenu na ya jirani anayetembea kwenye lami bila mzigo. Linganisha pikapu yenu na yenyewe, mwezi huu na mwezi uliopita, kwa njia ile ile.

Kama namba za kilomita hazisogei, huenda waya wa spidi umekatika. Tengenezeni huo kwanza. Kila lita inayoingia iandikwe, na dereva na mtunza hazina watie sahihi. Daftari la namna hiyo humlinda dereva mwaminifu kuliko kiapo. Na kabla ya kumtuhumu mtu, chungulia chini ya gari asubuhi. Dizeli haikauki upesi kama petroli. Mahali inapovuja, vumbi hugandamana likawa jeusi.

Kusoma moshi

Injini ya aina hii ilibuniwa na Mjerumani, Rudolf Diesel. Mwaka 1897 injini yake ilifanya kazi vizuri mbele ya wataalamu. Haina plagi za kutoa cheche. Hewa hubanwa kwa nguvu mpaka inakuwa ya moto sana. Halafu nozeli hunyunyiza dizeli kama ukungu, na dizeli inawaka yenyewe.

Fikiria jiko la kuni. Ukiziba njia ya hewa, moshi hujaa jikoni na chungu hakichemki. Injini ni vivyo hivyo. Moshi mweusi ni dizeli ambayo haikupata hewa ya kutosha, au haikunyunyizwa vizuri. Uliinunua, lakini haikulisukuma gari. Imetoka kwenye ekzosi.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikiwa imepata moto unaweza kuwa dizeli isiyowaka, au maji yanayoingia ndani ya injini. Kama maji ya rejeta yanapungua kila siku, nenda kwa fundi haraka.

Lakini moshi mweusi anza nao wewe mwenyewe, kwa chujio la hewa. Mafundi huliita eaklina. Katika barabara ya vumbi huziba mapema sana. Kama ni la karatasi, ligonge taratibu upande wa chini, au lipulizwe kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Usilioshe kwa petroli. Likiwa limechanika au halisafishiki tena, nunua jipya. Magari mengine ya zamani yana chujio lenye bakuli la oili. Hilo mwaga oili chafu, osha bakuli kwa dizeli, weka oili safi mpaka alama. Kuna madereva wanaolitoa chujio kabisa ili injini ipumue. Hilo ni kosa kubwa. Vumbi ni kama msasa. Litakwangua injini ndani, na gharama yake ni kubwa kuliko machujio mengi.

Kama chujio ni safi na moshi bado ni mweusi, tazama mzigo. Umezidi? Kama haukuzidi, huenda nozeli zimechoka. Fundi mwenye mashine ya kupimia nozeli anaweza kukuonyesha: nzuri hutoa ukungu, mbaya hudondosha matone. Usikubali fundi aongeze dizeli kwenye pampu kwa kukisia ili gari lipate nguvu. Nguvu itaongezeka kidogo, moshi utaongezeka sana.

Jambo jingine ni themostati. Ni kizibo kidogo kinachoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Gari likichemsha, mafundi wengi hukitoa na kukitupa. Kweli, pengine gari huacha kuchemsha. Lakini sasa injini inatembea ikiwa ya baridi, hula dizeli zaidi na kulika mapema. Ulizia kama pikapu yenu bado inacho.

Matairi na breki

Tairi lenye upepo mdogo ni zito kulisukuma. Pima upepo asubuhi, kabla gari halijatembea. Kiasi kinachotakiwa huandikwa kwenye kibao, mara nyingi karibu na mlango wa dereva. Kama kimefutika, muulize fundi wa matairi mwenye kitabu. Kupiga teke tairi si kupima. Tairi likilika upande mmoja, magurudumu hayajanyooka, na gari linajiburuta.

Baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu, bila kuligusa. Moja likiwa na joto kali kuliko mengine, breki yake inashika. Injini inavuta, breki inazuia, na ninyi mnalipia dizeli ya ugomvi huo.

Kuendesha

Ondoa vyuma na matairi mabovu yaliyosahaulika nyuma. Usiache injini ikiunguruma wakati watu wanapakia. Badili gia kwa utaratibu, bila kukanyaga mafuta mpaka chini. Kwenye barabara kuu usikimbize. Hewa inayozuia gari huongezeka upesi kuliko mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, kizuizi cha hewa huwa mara nne. Turubai linalopeperuka huongeza kizuizi hicho.

Sasa tuzungumze juu ya mteremko, maana hapa watu hufa. Chukua barabara ya kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo, huko Usambara. Inashuka karibu mita 1,000, na kona ni nyingi. Dereva wa pikapu ya kabichi anaweza kudhani akitoa gia, gari likateremka lenyewe, anaokoa dizeli. Anajidanganya. Gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, na pampu hukata dizeli. Akitoa gia, injini lazima ile dizeli ili isizimike. Zaidi ya hayo, breki zinabaki peke yake na mzigo wote. Zinapata moto, kisha hazishiki. Kwa hiyo teremka kwa gia ndogo. Ni salama, na dizeli haipotei.

Mafuta yenyewe

Usinunue dizeli ya madumu kwa sababu ni rahisi. Inaweza kuwa imechakachuliwa kwa mafuta ya taa. Mwaka 2011 serikali ya Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuwavunja moyo wachanganyaji. Mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozeli kama dizeli, kwa hiyo vyuma hivyo hulika. Maji nayo ni adui. Kama chujio la dizeli lina kifungulio chini, mwaga maji yaliyotuama.

Na wale wanaouza sumaku za kufunga kwenye bomba, au dawa ya kumimina tangini? Serikali ya Marekani imepima vifaa vingi vya kuokoa mafuta kwa miaka mingi, na vingi havikuonyesha faida yoyote ya maana. Fedha hiyo nunulia chujio.

Zoezi

1. Kikundi kilisafisha chujio, kikajaza matairi upepo na kurekebisha breki iliyokuwa inashika. Safari ya kilomita 360 sasa imetumia lita 36. Lita moja imetembeza gari kilomita ngapi?

2. Zamani safari hiyo ilitumia lita 45. Lita ngapi zimeokolewa?

3. EWURA hutangaza bei ya juu ya dizeli kila mwezi. Ulizia bei ya mwezi huu mahali penu. Zidisha kwa jibu la swali la 2.

4. Kikundi hufanya safari za namna hiyo mara nne kwa mwezi. Fedha hiyo ni kiasi gani kwa mwezi? Jadilianeni darasani: ingetosha kununua nini kwa ajili ya pikapu?