Mbuzi, Ng'ombe na Vichaka vya Malisho Yetu



Wako wazee katika parishi zetu za Shinyanga wanaokumbuka malisho yaliyokuwa mbuga wazi, mtu akisimama mlangoni pake akawaona ng'ombe wake mpaka lamboni. Leo mahali pengi pale pale pamejaa mitunduru na malula. Ng'ombe hawapenyi, na nyasi zilizobaki chini ya miiba ni haba. Mwenye ng'ombe huuliza: je, tukate, tuchome, ama tuwaachie mbuzi? Hilo ndilo somo letu safari hii. Twaomba mzazi alisome pamoja na kijana wake, maana kuchunga ni kazi ya vijana, na vijana wetu wengi wako Geita kwenye maduara ya dhahabu.

Kwanza tuelewe kichaka hutoka wapi. Nyasi na vichaka hunywa maji ya mvua ile ile. Mizizi ya nyasi imejaa karibu na uso wa ardhi, nayo huyadaka maji mapema. Mizizi ya kichaka hushuka chini zaidi. Ng'ombe wakizidi, nyasi huliwa mpaka shina, hivyo maji yapita yakaenda kwa kichaka. Tena nyasi zikiwa chache, hata moto hauna cha kuunguza, na mche mdogo wa mwiba unakua salama. Zaidi ya hayo ng'ombe hula maganda ya miti ya miiba, na mbegu nyingine hutoka nzima katika mavi, zimekwisha kutiwa mbolea. Kwa hiyo anayelaumu kichaka kwa kumaliza nyasi, mara nyingi ameanza hadithi katikati.

Nchi yetu imepigana na vichaka muda mrefu. Katika miaka ya 1920 Bwana C. F. M. Swynnerton aliweka hapa Shinyanga makao ya uchunguzi wa mbung'o, yule inzi aletaye nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Mbung'o hupenda kivuli, basi watu waliitwa kwa wingi kwenda na mashoka kufyeka pori. Bwana huyo alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, na jina lake limebaki katika jina la kitaalamu la aina mojawapo ya mbung'o. Baadaye, mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947 ulifyeka pori upande wa Geita pia, ili watu na mifugo yao wahamie huko. Ilifanikiwa kwa mbung'o. Lakini miti ilizidi kwisha, kwa pamba, kwa kuni na kwa wingi wa mifugo, hata serikali ikaanzisha mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, kwa msaada wa Norwei, kufufua ngitili za wazee wetu. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa. Ardhi hii hii iliteseka kwa vichaka vingi, kisha ikateseka kwa kukosa miti. Ndiyo sababu hatupendi jibu la haraka.

Wale wafyekaji walijifunza jambo moja ambalo kila mkulima wetu analijua mgongoni mwake. Mtunduru ukikatwa haufi. Huchipua kutoka kwenye kisiki, na kutoka kwenye mizizi iliyotambaa mbali, na pale palipokuwa na shina moja, mwaka ujao panasimama fimbo kumi. Shoka peke yake ni kama kupogoa. Inatakiwa kitu cha kurudi kwenye machipukizi yale tena na tena, na hapo ndipo anapoingia mbuzi.

Mtazameni anavyokula. Ng'ombe huzungusha ulimi na kung'oa fungu la nyasi. Hawezi kuchagua jani katikati ya miiba. Mbuzi ana mdomo mwembamba na mdomo wa juu unaochezacheza, akachuma jani moja moja kati ya mwiba na mwiba. Husimama kwa miguu ya nyuma akafikia kimo cha mtu au karibu. Majani ya vichaka yana uchungu unaokaza ulimi kama chai iliyokolea, na mbuzi huuvumilia kuliko ng'ombe. Akiwa na hiari, sehemu kubwa ya chakula chake ni majani ya miti, nyasi ni nyongeza.

Sasa, mmea hutengeneza chakula chake katika majani na kuweka akiba mizizini. Ukinyang'anywa majani, hutumia akiba kuchipua upya. Ukinyang'anywa tena kabla haujarudisha akiba, unadhoofu. Baada ya misimu miwili mitatu ya namna hiyo vichaka vingi hufa au hubaki vidogo, na nyasi hupata jua na maji. Mtaona ya kuwa siri yote imo katika neno "tena". Mbuzi waliopita mara moja wamepogoa tu, kama shoka.

Jambo hili lilipimwa nchini mwetu zamani. Huko Mpwapwa, kwenye kituo cha utafiti wa mifugo, wataalamu waliwalinganisha mbuzi na ng'ombe katika malisho yenye nyasi na vichaka, na habari zake zilichapishwa mwaka 1942. Palipolishwa ng'ombe, nyasi zilirudi nyuma na vichaka vikaongezeka; palipolishwa mbuzi, vichaka vilizuiwa. Na hayo yaliandikwa wakati mabwana shamba wengi walikuwa wakimhesabu mbuzi kuwa adui namba moja wa ardhi. (Hata katika Maandiko, kwenye Mathayo 25, mbuzi amewekwa upande wa kushoto. Maskini mbuzi!)

Lakini tusiwe mawakili wa mbuzi kupita kiasi. Kule Kondoa, katika eneo la mradi wa HADO lililokuwa limechimbika makorongo ya kutisha, mifugo yote iliondolewa mwaka 1979, mbuzi pamoja na ng'ombe, na majani na miti vikarudi. Mbuzi wengi wasiokuwa na mchungaji, mahali pa mteremko na udongo mwepesi, ni balaa. Mbuzi hajui kuwa mti huu tunautaka na ule hatuutaki. Wako basi wanaosema mbuzi asikanyage ngitili kabisa. Sisi twaona ni lazima kutenganisha. Ngitili inayolelewa ili miti irudi, yenye miche isiyofika kifua cha mtu, mbuzi asiingie. Malisho yaliyofungwa na mitunduru, ambayo hata ng'ombe hawayatumii, hayo mpeni mbuzi. Na mpaka kati ya sehemu hizo mbili ukubaliwe na wazee katika dagashida, si na mchungaji wa miaka kumi.

Kazi yenyewe yafanyika hivi. Vichaka vilivyomzidi mbuzi kimo vikatwe kwanza, usawa wa goti, wakati wa kiangazi. Matawi yake yanafaa kwa boma. Mvua zikianza, mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, kisiki hutoa machipukizi laini, na mbuzi huyapenda mno. Waingizwe wengi pamoja katika sehemu ndogo, wakae hapo mpaka majani wanayoyafikia yamekwisha, kisha wahamishwe. Wakianza kung'ata nyasi mpaka udongo au kubandua magamba ya miti mizuri, mmekwisha chelewa. Chipukizi likifika shubiri moja au zaidi, warudishwe. Ng'ombe wasiingie hapo kwanza. Nyasi zikue na kutoa mbegu walau msimu mmoja.

Hapa kuna tatizo ambalo vitabu havilisemi. Mwenye ngitili mara nyingi ana ng'ombe wengi na mbuzi wanne. Jirani yake mjane ana mbuzi sita na hana ngitili, naye hufukuzwa kila aonekanapo karibu na mpaka. Mbuzi kumi hawatoshi eneo kubwa, lakini wakikusanywa wa kaya nane au kumi, kundi lapatikana. Yafaa mwenye ngitili awaite majirani, mchungaji mmoja alipwe kwa pamoja, na mjane alishe bure, kwa kuwa mbuzi wake wanamfanyia mwenye ngitili kazi ambayo angelipa vibarua. Mapatano hayo yaandikwe. Tumeona undugu ukivunjika kwa sababu ya mbuzi mmoja aliyekula mihogo.

Kuhusu afya, mbuzi anayekula majani ya juu hupata minyoo kidogo kuliko anayekula nyasi fupi, maana vijidudu vya minyoo hukaa chini kwenye umande. Ila wakikusanywa wa kaya nyingi, ugonjwa wa mmoja huwa wa wote. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa nchini mwaka 2008, na homa ya mapafu ya mbuzi ipo pia. Mwoneni bwana mifugo kuhusu chanjo kabla ya kuchanganya makundi.

Si kila kichaka ni cha mbuzi. Lantana, ile iliyopandwa kama ua kwa sababu ya maua yake mazuri, ni sumu kwa mifugo. Ing'olewe kwa jembe. Na mathenge, iliyopelekwa Baringo nchini Kenya katika miaka ya 1980, imeonyesha kinyume cha somo letu: mbuzi walikula maganda yake matamu, wakaeneza mbegu, na meno yao yakaoza. Mwaka 2006 wananchi wa huko waliishtaki serikali yao, na mbuzi asiye na meno akaletwa mahakamani awe ushahidi. Mkiona mti mgeni wa namna hiyo, msingoje mbuzi. Kwa ndugu zetu wa Geita tunaongeza: mbuzi wasichungwe karibu na marudio wala mabwawa ya kuchenjulia dhahabu, maana maji yale yaweza kuwa na zebaki au sayanaidi. Na matimba ya maduara yasikatwe katika ngitili za watu kwa kisingizio cha kusafisha vichaka. Shina linalofaa kwa timba si kichaka.

Kwa kazi ya nyumbani, chukueni kamba na vigingi vinne. Pimeni hatua ishirini kwa ishirini katika malisho yenu, mhesabu kila kichaka kilicho ndani, kikubwa na kidogo, mkaandike katika daftari pamoja na tarehe. Vigingi viachwe palepale. Mwakani mwezi huu huu mhesabu tena, nasi tutafurahi kupokea hesabu zote mbili kwa barua kupitia kwa kasisi wenu.