Kabla ya Kufungua Banio Zaidi, Tazama Sakafu ya Mfereji

Maji yamejaa hadi ukingoni mwa mfereji, lakini majaruba ya mwisho yanakauka. Wengi hapo hukimbilia banio walifungue zaidi. Ngoja kwanza. Zamu ikiisha, shuka mferejini utazame chini. Ukikuta vituta vya mchanga, vimeinuka polepole upande yanakotoka maji na kukatika ghafla upande wa pili, ujue maji yako yanapotezea nguvu hapo.

Mchanga unaosukumwa na maji haulali bapa, hujikusanya. Maji yakivuka kituta huzunguka nyuma yake, na kila mzunguko unakula mwendo. Mhandisi Robert Manning wa Ireland alieleza mwaka 1889 kanuni ya mwendo wa maji ambayo mafundi wa skimu za umwagiliaji wanaitumia hadi leo. Katika kanuni hiyo, mfereji wa udongo ulio safi hupewa namba ya mkwaruzo ya takriban 0.02, ukijaa vituta yaweza kufika 0.035. Kwa kina kilekile na mteremko uleule, mwendo umeshapungua kwa zaidi ya asilimia 40. Anayeumia ni mkulima wa mkiani mwa mfereji.

Pima mwenyewe. Chagua kipande kilichonyooka cha mita 10, tupia chungwa katikati ya maji, hesabu sekunde. Gawa mita kwa sekunde, kisha zidisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Sekunde 25 ni kama mita 0.34 kwa sekunde. Andika mwendo huo pamoja na kina cha maji. Bila kina huwezi kulinganisha mwezi huu na ujao.

Siku ya msaragambo toeni mchanga wa sakafuni, ila msichonge kingo. Kosa hili ni la kawaida mno: mfereji ukipanuka maji hupungua mwendo, na mchanga hutua upya. Mchanga uliotolewa umwagwe mbali, mvua isiurudishe.

Bora zaidi ni kuuzuia mchanga usiingie. Mto ukishuka na maji mekundu ya mvua za kwanza, fungeni banio. Karibu nalo chimbeni shimo pana na refu la kutegea mchanga. Na maji yaende mengi kwa zamu, si kidogo kidogo kila siku, maana maji machache huuacha mchanga njiani.

Shimo hilo lipewe mtu wa kuzoa mchanga wake msimu wote wa mvua. Likishajaa, halizuii tena chochote.