Mambo ya jikoni yasomwe au yasisomwe?

*Shikamoo Shangazi. Natokea kijiji kimoja upande wa Laela, hapa Ufipa. Baba yetu alifariki Novemba mwaka jana. Alikuwa katekista wa kigango. Jumapili padre asipofika, yeye ndiye aliongoza ibada. Siku ya mazishi wasifu ulisomwa mbiombio: alizaliwa, akabatizwa, akafunga ndoa, akaugua, akalazwa, akafariki. Nusu nzima ilikuwa ugonjwa.*

*Sasa tunaandaa misa ya mwaka na nimepewa kazi ya kuandika. Nimeandika kwamba mama alipojifungua mapacha akaugua, baba ndiye aliyetupikia na kutufulia mpaka mama akainuka. Nimeandika pia kwamba aliuza maksai wake wawili nipate ada, msimu uliofuata tukalima kwa jembe la mkono huku watu wakitucheka. Baba mdogo amekuja juu. Anasema mambo ya jikoni hayasomwi kanisani, namvua nguo kaka yake. Kaka yangu wa Dar es Salaam anasema niandike "alikuwa mcha Mungu na mpenda watu", yatosha. Yeye anashughulikia tisheti zenye picha. Nifanyeje?*

*Binti wa Katekista*

Marahaba mwanangu, na pole.

Nianze na kaka yako kwa sababu yeye ni mwepesi. Tisheti mwachie, ilimradi asichangishe wanakijiji ambao mwezi huo wanatafuta hela ya mbegu na mbolea. Lakini hilo neno "mpenda watu" mrudishie. Nimekaa kwenye misiba mingi na sijasikia bado marehemu aliyesomewa kwamba hakupenda watu. Sifa inayomfaa kila maiti haimtambulishi hata mmoja.

Baba mdogo ndiye mwenye hoja, tena nzito. Uwandani kwetu jozi ya maksai ndiyo heshima ya mwanamume. Inalima shamba lake, inaburuta mkokoteni wa mahindi, na jirani anakuja kuiazima kwa adabu. Mtu akiiuza, kijiji hakiulizi ada ya shule. Kinasema amelewa, au amerogwa, au mke amemshika masikio. Baba mdogo aliyasikia maneno hayo miaka ile, na huenda yeye ndiye aliyeyajibu vilabuni kwa niaba ya kaka yake. Anaogopa usiyafufue. Basi mfuate, ukae naye, umuulize msimu ule yeye alisaidia nini. Kama aliwaazima maksai wake hata kwa siku moja, mwandike kwa jina. Utashangaa jinsi hasira itakavyopoa.

Ila kwenye jikoni amekosea, na historia ya kanisa letu inamkosoa. Wamisionari wa Afrika walikabidhiwa Karema, kule ziwani Tanganyika, mwaka 1885, na baadaye imani ikapanda kuja huku juu. Mapadre walikuwa wachache na vijiji viko mbalimbali. Waliobeba mzigo ni makatekista, watu wenye wake, watoto na mashamba. Padre analala parokiani. Katekista analala katikati ya waumini wake, na ukuta wa nyumba yake unasikika. Anayefundisha ndoa Jumamosi na kumpiga mkewe Jumatatu hana wa kumsikiliza. Uji aliowapikia baba yako ulikuwa sehemu ya mafundisho yake, na nadhani waumini wake walilijua hilo kabla yako.

Mtazame Adrian Atiman. Hapa Sumbawanga tunasema "kalazwa Atiman" kana kwamba ni jina la jengo tu. Alikuwa mtoto wa pande za Timbuktu, akaibwa, akauzwa utumwani, akakombolewa na mapadre, akasomea uganga Malta, kisha akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880. Akakaa huko akiwa tabibu na katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Alioa, akapata mtoto, na mwanawe akawa padre. Tunayajua mengi ya maisha yake kwa kuwa aliyasimulia mwenyewe, utumwa na yote, na simulizi lake likachapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kuuzwa sokoni ni aibu kubwa kuliko kuuza maksai, na bado hospitali ya jimbo imepewa jina lake.

Sasa utekelezaji. Kwanza mama. Ugonjwa wa uzazi ule ni wake, si wako wala wa baba mdogo. Msomee ulichoandika mkiwa wawili tu. Akisema ondoa, ondoa bila ubishi. Akikubali, mtaje kwa jina lake, maana wasifu wa makatekista una tabia ya kumwita mke "mjane" na kuishia hapo.

Pili, nenda ofisi ya parokia alikobatizwa, uombe waangalie daftari la ubatizo. Pembeni ya jina lake huandikwa pia kipaimara na ndoa. Tarehe zitoke humo, si kwenye vichwa vya wajomba.

Tatu, gawa usomaji. Kanisani, padre akiruhusu, pasomwe maneno machache ya utumishi wake. Mkirudi nyumbani chini ya turubai, kabla ya chakula, ndipo usome ya uji na ya maksai. Ugonjwa wa mwisho upewe sentensi moja. Na uwe mfupi, Novemba mvua haina adabu.

Baba mdogo akigoma bado, mwambie Shangazi ameamua hivi: ya kanisani asome yeye, ya nyumbani usome wewe uliyesomeshwa na wale maksai.