Kuzunguka Vilele vya Mlima Kenya kwa Siku Moja

Mtu asimamaye Nyeri asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, huona vilele vya Mlima Kenya vimesimama juu ya misitu kama kisiwa juu ya maji. Mfano huo si wa mchezo. Wataalamu wa mimea nao huuhesabu mlima huu kuwa kisiwa, maana pande zote umezungukwa na nchi ya joto, ambayo mimea ya juu haiwezi kuivuka, kama vile mbuzi wa kisiwani asivyoweza kuivuka bahari.

Na kama kisiwa kidogo, vilele hivyo vyaweza kuzungukwa kwa miguu kwa siku moja. Njia yenyewe ni kilomita kumi hivi. Wako wakulima waendao sokoni na kurudi mwendo mrefu kuliko huo, wala hawajisifu. Walakini mzunguko huu humchosha mtu mwenye nguvu kutwa nzima, na wengine huushindwa. Sababu ni hewa. Katika mita 4,600 kila pumzi ina oksijeni kupita kidogo tu nusu ya ile ipatikanayo pwani.

Wengi huanzia Kambi ya Mackinder, katika mita 4,200 hivi, wakipandia njia ya Naro Moru. Kambi hiyo yaitwa kwa jina la Halford Mackinder, Mwingereza aliyefika kilele cha Batian (mita 5,199) mwaka 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel. Batian, Nelion na Lenana ni majina ya malaibon wa Kimaasai. Wakikuyu walikuwa wakiuita mlima Kirinyaga, na kusali wakiuelekea, zamani kabla Mzungu yeyote hajauona.

Yafaa kuondoka kambini alfajiri, maana mara nyingi ukungu huingia kabla ya adhuhuri na kuficha njia. Msafiri akishika njia ya magharibi, vilele vikiwa mkono wake wa kuume, hupita vijiziwa vya maji baridi na kupanda pito la Hausburg. Hapo kupanda ni kwa hatua chache na kupumzika.

Bondeni huona mimea ya ajabu. Senesio kubwa hurefuka kupita kimo cha mtu, na majani yake yaliyokufa hayaanguki, bali huuvika mti shina lake kama blanketi. Lobelia moja huhifadhi maji kati ya majani yake. Usiku maji hayo huganda juu tu, na chipukizi lililo chini halidhuriki na baridi. Aberdare, Elgon, Kilimanjaro na Ruwenzori zina ndugu wa mimea hii, lakini kila mlima una aina zake, kama kila kisiwa kilivyo na lafudhi yake. Haifai kuing'oa wala kuichoma, kwani hukua polepole mno.

Upande wa kaskazini iko Kambi ya Shipton. Hapo ndipo mahali pa kujipima, na wenye haraka hapapendi. Kichwa kikiuma kidogo, mtu apumzike, asipande zaidi mpaka maumivu yaishe. Lakini akitapika, akiyumba kama mlevi, au akikohoa na kukosa pumzi hali ameketi, asingoje asubuhi: ateremshwe mara moja kwa njia ya Sirimon, hata ikiwa ni usiku. Hakuna dawa ipitayo kuteremka. Vijana wenye afya njema wamekufa kwa kuona haya kusema kwamba wanaumwa. Ndiyo maana asiende mtu peke yake, na kabla ya siku ya mzunguko alale siku mbili au tatu mlimani, akipanda kidogo kidogo.

Aliye mzima hupanda pito la Simba, kisha huzunguka mashariki mpaka Nyumba ya Waaustria, katika mita 4,790 hivi. Mbele yake upo mto wa barafu wa Lewis, au mabaki yake. Kati ya 1934 na 2010 ulipoteza sehemu tisa katika kumi za barafu yake. Mito ya Nyeri na Nanyuki hulishwa zaidi na mvua na misitu kuliko barafu hiyo, na kwa hiyo mkulima wa chini ana sababu kubwa ya kuulinda msitu. Toka hapo njia huteremka kwa changarawe telezi hadi Kambi ya Mackinder, na magoti ndiyo hulipa gharama ya siku nzima.