Moshi wa Chiang Mai: Mgeni Huondoka, Mwenyeji Hubaki

Tunapanga kwenda Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, mwezi Machi. Ni kweli hewa huwa chafu?

Ni kweli. Kati ya Februari na Aprili moshi huufunika mji, hata mlima Doi Suthep, ulio jirani kabisa, hupotea machoni mchana kweupe. Siku zikiwa mbaya, Chiang Mai hutajwa miongoni mwa miji yenye hewa chafu kuliko yote duniani. Kama mna mtoto mdogo, mjamzito au mwenye pumu, ahirisheni.

Moshi huo unatoka wapi?

Wakulima huchoma mabua ya mahindi, misitu huungua, na upepo huleta moshi mwingine kutoka Myanmar na Laos. Mji nao umekaa bondeni: wakati wa kiangazi hewa ya joto huifunika ile ya baridi iliyo chini kama kifuniko cha sufuria, moshi ukakosa pa kutokea. Chembe hatari zaidi ni za PM2.5, ndogo kiasi cha kupenya mapafu hadi kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Vaeni ya N95, iwabane vizuri.

Wenyeji wenyewe wanasemaje?

Hawana kauli moja. Wengi mjini huwalaumu watu wa milimani, hata wachuma uyoga, kwa kuchoma moto misitu. Wa milimani nao huuliza: mahindi haya ya kulisha mifugo, anayanunua nani? Swali lao lina uzito: mnunuzi naye ana sehemu ya lawama.

Mwaka 2023 wakazi waliishtaki serikali kuhusu moshi huo, na Januari 2024 mahakama ya utawala ya Chiang Mai ikaamuru uandaliwe mpango wa dharura ndani ya siku 90. Lakini Machi mwaka huohuo Waziri Mkuu Srettha Thavisin alikataa kuutangaza mkoa kuwa eneo la maafa, akihofia utalii ungeumia. Naona alikosea. Mtalii husoma hali ya hewa hiyo kwenye simu yake, hafichwi kitu. Anayeumia ni mwenyeji, asiye na pa kukimbilia.

Tusipokwenda, hatuwanyimi riziki?

Mtawanyima mkifuta safari. Badilisheni tarehe tu: nendeni kati ya Novemba na Januari, hewa ikiwa na nafuu. Na kabla ya kufunga mizigo, angalieni kipimo cha PM2.5 cha siku hiyo.